Mashati ya Waogeleaji

Uji wa mtama ukiungua kidogo chini ya sufuria, mimi huinuka nikatoka nje. Wajukuu hunicheka, eti nyanya ana maringo ya pua. Maringo gani! Harufu hiyo hunirudisha ufuoni kwetu Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, siku ya Mbio Tatu, na huko sirudi kwa hiari yangu.

Mbio Tatu kilikuwa chama cha vijana wetu. Mara moja kwa mwaka waliogelea kutoka gatini hadi kwenye mawe na kurudi, wakapanda baiskeli kuelekea Lambwe, halafu wakamalizia kwa miguu. Vijana wa Migori walikuja na baiskeli zao juu ya lori la samaki, na walifika wakinuka kuliko samaki wenyewe. Mshindi alipewa sufuria au blanketi, akatembea mjini mwezi mzima kama DC.

Wazazi wangu hawakujua kuogelea vizuri wala kupanda baiskeli. Baba alikuwa fundi wa mashua, na siku hiyo alipiga kasia nyuma ya waogeleaji. Mama alipika uji na kushika nguo. Hii ya nguo ngoja niwaeleze taratibu, maana kila kitu kiko hapo. Kabla ya kuingia majini kila kijana alimpa Mama shati lake, naye alilitundika kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Ukitoka majini unakwenda kwake, unasema, "Min Ouma, shati langu." Min Ouma ni mama yake Ouma, kwa sababu kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anakupa shati, unavaa, unakimbilia baiskeli. Kamba ikibaki tupu, Mama anapunga kitambaa na Baba anarudisha mashua. Likibaki shati, Baba anageuka kutafuta. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalipa, na walianza kabla sijazaliwa. Mama naye alikuwa na mdomo, wee! "Hili shati limefuliwa lini, siku ya ubatizo wako?" Vijana waliingia majini wakicheka.

Kaka yangu Ouma alipofikisha umri wa kushindana, nyumba nzima haikulala kwa furaha. Tulikaa hapo juu tu ya ufuo. Asubuhi ya mbio alichelewa, akateremka mbio akiwa kifua wazi, shati ameliacha kitandani. Akampita Mama kwenye kamba akisema, "Mimi ni wa nyumbani, Mama, sina cha kuweka!" Mama akacheka. Mimi pia nilicheka. Akajitupa majini pamoja na wenzake.

Vijana wakatoka mmoja mmoja, wakachukua mashati, kamba ikabaki tupu. Mama akapunga kitambaa. Baba akarudi.

Tulikunywa uji. Waliokuwa nyuma kwenye baiskeli walidhani Ouma yuko mbele, na wa mbele walidhani yuko nyuma. Alasiri, sufuria za washindi zikitolewa, mtu akauliza, "Na huyu wetu Ouma yuko wapi?" Nilimwona Mama akigeuka kuitazama ile kamba. Alisimama akiitazama hivyo hivyo, uji uliobaki ukiungua motoni, mpaka wanawake wakamshika mikono. Wavuvi walimleta Ouma kesho yake.

Mngependa niwaambie kwamba nililia. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Watu walijaa, wakaimba nyimbo za kanisa, wakapika, wakaondoka. Nilikula kila nilichopewa. Shangazi mmoja alinisifu kwamba nina moyo mgumu, nikamwambia asante.

Baada ya mazishi watu wakaanza kumwita Mama "Min Akinyi". Akinyi ni mimi. Walifanya hivyo kwa huruma, wasije wakamtonesha. Sokoni, kanisani, hata Baba mwenyewe: Min Akinyi, Min Akinyi. Mama alichelewa kuitika, kana kwamba anangoja mwanamke mwingine aitike kwanza. Jina la Ouma likaacha kutajwa kwetu. Hakuna aliyetukataza. Tuliliacha tu, na siku zikaenda.

Mwaka ulipozunguka, mwenyekiti wa chama, Mwalimu Odera, alikuja kwetu na kofia mkononi.

"Min Akinyi, mwaka huu nyinyi mpumzike. Tutatafuta watu wengine."

"Watu gani?" Mama akauliza.

"Watu tu, Mama."

"Na hao watu tu watafika saa ngapi kuwasha moto?"

Mwalimu akamtazama Baba. Baba alikuwa analainisha ubao kwa randa, na hakuinua kichwa. "Tutakuja," akasema, akaendelea na randa yake.

Niliwachukia wote wawili, nasema wazi. Ziwa limemchukua mtoto wenu, na nyinyi mnalipelekea uji! Nilidhani wanakipenda chama kuliko walivyompenda Ouma. Lakini hata hiyo chuki ilikuwa baridi, nikaibeba kimya kimya hadi ufuoni pamoja na vikombe.

Mwaka ule Mama hakufanya mzaha na mtu. Alishika kila shati kwa mikono miwili. Walipokwisha vijana, Baba, ambaye hakuwahi kuweka nguo pale, alivua shati lake akampa. Mama akalitundika mbele ya mengine yote, Baba akaingia kwenye mashua.

Vijana wakatoka. Mwishoni likabaki shati moja zaidi ya lile la Baba, shati la kijana wa Migori. Baba akageuza mashua, akapiga kasia mpaka mgongo wake ukawa kidoa. Mimi nilikaa na vikombe vyangu. Nilijua ninapaswa kuogopa.

Ndipo watoto wakapiga kelele kutoka kwenye matete. Kijana yule aliyaogopa maji tangu mwanzo, akatoka pembeni na kujificha kwa aibu. Walimleta akitetemeka. "Samahani, Min Akinyi," akasema, kama alivyofundishwa na wenzake.

Mama akamshika mabega. "Mimi ni Min Ouma," akasema, kwa sauti iliyofika hadi gatini. "Umesikia? Ukitoka majini unakuja kwa Min Ouma. Sema."

"Min Ouma," kijana akasema. "Shati langu."

Watu wazima walitazama chini. Mama akamvisha mwenyewe, akamfunga vifungo vyote, kisha akampungia Baba kitambaa.

Waliendelea na kazi ile mpaka magoti yakawashinda, na watu wakawasifu sana kwa kujitolea. Wawasifu tu. Ilibidi nizae na kuzika ndipo nikaelewa. Baba kila mwaka aliacha shati lake kwenye kamba isibaki tupu, akarudi kutafuta pale ambapo siku ile hakutafuta. Na Mama, ambaye sisi nyumbani tulimhurumia hadi tukamnyang'anya jina lake, alikuwa anakwenda ufuoni kuitwa.