Kompyuta ya marehemu na TV ya chogo

Leo mkwe wangu injinia kaumbuka sebuleni kwangu hapa Tangini.

Kaja kubeba kompyuta ya marehemu mume wangu aipeleke kwenye vyuma chakavu. "Mama, hii imekufa."
Nikamwambia iwashe kwanza.

Kaichomeka kwenye TV ya flati waliyoniletea yeye na binti yangu. Saa nzima kioo cheusi.

Nikamwambia, "Baba, funua kitambaa hapo chini."
Maana flati wameikalisha juu ya TV yangu ya chogo, wameifanya meza.

Waya wa kompyuta nikauchomeka mwenyewe kwenye tundu la antena la chogo. Nikazungusha kitufe polepole, kama tulivyokuwa tukitafuta stesheni; kompyuta ya enzi zile picha yake hutafutwa hivyo hivyo.

Maandishi hayo kiooni.

Mkwe akasema, "Shikamoo, mama."
Na asubuhi alishanisalimia.

Haya, nani mwingine wamemjia kubeba kitu chake kizima wakisema kimekufa? Semeni hapo chini, nasoma.