Mgeni Aliyetukana Mtandaoni

Juzi, kwenye chumba cha kompyuta Ngara mjini, nilikaa jirani na mwalimu wa kijiji cha Mbuba. Anajitolea kwenye chama kidogo kinachotunza kumbi za maongezi mtandaoni kwa ajili ya watengenezaji wa programu za bure. Katika ukumbi mmoja mgeni alikuwa akitukana, na wanachama wenzake mwalimu wakamwandikia: mfukuze.

Mwalimu akamwandikia mgeni, akamuuliza kama amekula.

"Tangu jana bado. Programu imenigomea."

"Nenda ukale kwanza."

Alirudi mpole, akaomba radhi.

Nikamuuliza mwalimu amejifunza wapi hayo. Akaonyesha barabara iendayo kambi ya wakimbizi.

"Wakimbizi walipofika kwetu, mama aliwauliza hilo kabla ya majina yao."

Chama kile kina kanuni nyingi. Hii ya kuuliza kwanza kama mtu amekula ni ya kwetu.