Kwao Bi Sponji Ni Wapi

Kama kuna methali iliyomchosha Bi Sponji, ni ile ya mkataa kwao mtumwa. Asubuhi aliambiwa na jirani, mchana na wifi yake, jioni na kaka yake mkubwa, aliyeitamka huku akichokoa meno kana kwamba ameitunga yeye. Aliyeitunga, Bi Sponji alisema moyoni, bila shaka hakuwahi kuolewa mbali.

Jina la Bi Sponji alipewa na mafundi wa karakana ya kaka yake, maana yeye ni fundi wa kuvika makochi sponji na vitambaa. Kazi hiyo hakujifunza hapa alipozaliwa. Aliijulia katika nchi ya watu alikoolewa akiwa msichana, na mwalimu wake alikuwa mumewe. Karibu miaka ishirini walikaa huko, chumba cha kazi chini, cha kulala juu, na katikati ngazi ya mbao iliyolalamika kila ukiikanyaga. Mwanzoni aliichukia nchi ile kwa moyo wote. Watu wake hawasalimii, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno, na lugha yao ilimfanya aonekane mjinga kila duka. Kisha, bila kuambiwa na mtu, ikawa yake. Akajua mvua ipi ni ya kweli na ipi ni ya kutishia. Siku moja aligombana na muuza vitambaa kwa lugha yao, na akashinda.

Alirudi kwa sababu mama yake alianguka bafuni akavunjika nyonga, na kaka akapiga simu akilia. Mumewe ndiye aliyemfungia mizigo. Walikubaliana kwamba mama akisimama, Bi Sponji anarudi. Huu sasa mwaka wa pili, mama bado anajikongoja na fimbo, na kila akishuka kitandani anaugua kwa sauti ya kusikika barabarani.

Kaka naye hakulaza damu. Karakana yake inatengeneza fremu za makochi, akaona fundi wa kuzivika amejileta mwenyewe. "Unakaa bure kwa nini, dada? Njoo utusaidie kidogo." Kidogo hicho kikawa cha asubuhi hadi jioni, na fundi aliyekuwepo akaambiwa asante kwa kazi.

Humo karakanani ndimo alimoumia zaidi. Kwa mumewe walizoea kufanya kazi wawili: yeye anavuta kitambaa kwa nguvu zote mpaka mkunjo uishe, mume anapiga msumari palepale kwa mkono wake wa kushoto. Hawakuhitaji kusemeshana. Hapa alijisahau kila mara. Anavuta kitambaa, anakikaza, anafumba macho na kugeuza uso ili nyundo isimpitie karibu, anangoja. Nyundo haiji. Mafundi wanamtazama mtu mzima aliyekumbatia kochi.

"Bi Sponji, umelala au unasali?"

Akipima kitambaa alihesabu kwa sauti, kwa lugha ya kule, nao wakazidi kucheka. Aliwatukana kwa lugha hiyohiyo. Ilimpa nafuu kidogo, maana ina matusi mafupi mazuri.

Na akisema anaikumbuka nchi yake, walimrekebisha: unamkumbuka mumeo tu. Mume alimkumbuka, tena sana. Lakini aliikumbuka na nchi yenyewe, barabara yake iliyolowa, redio ya jirani isiyozimwa, hata ule ukimya wa watu kwenye foleni aliokuwa akiuona ni kiburi. Hilo hawakumwelewa. Mtu akikumbuka alikozaliwa, watu humlilia pamoja naye. Akikumbuka alikochagua mwenyewe, wanasema amelogwa. 

Tena simu za mumewe zilikuwa zimepungua urefu. Zamani walizungumza mpaka simu ikawa moto sikioni. Siku hizi ilikuwa hamjambo, mama anaendeleaje, haya, msalimie. Bi Sponji alishakata shauri kwamba kuna mwanamke. Alimuumba mzima kichwani, akampa na meno mabaya.

Ukweli ulimtoka wifi yake mdomoni siku moja wakianika nguo.

"Mumeo muungwana sana, wifi. Mwingine angeleta matata. Kaka yako alipomwambia umeamua kubaki, yeye alisema tu, sawa shemeji, nimesikia."

"Alimwambia nini?"

Wifi alijifunika mdomo kwa shati lililolowa, lakini maneno yalishatoka. Bi Sponji aliacha nguo kwenye beseni, akavuka ua kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto. Kaka alikuwa akimsifia mteja kochi jipya, mteja mwenyewe kaketi juu yake.

"Ulimwambia mume wangu sirudi?"

"Punguza sauti, kuna mteja."

"Na asikie! Kochi analokalia nimelivika mimi, mfungwa wako!"

Mteja akainuka polepole, akasogea mlangoni.

"Nilikufanyia wema," alisema kaka. "Nilijua utaona haya kumwambia mwenyewe. Damu nzito kuliko maji, dada."

"Damu gani? Ulitaka mikono yangu, sema ukweli!"

"Haya, nenda kamwambie mama kwamba unamwacha katika hali ile. Nenda!"

Alikwenda. Hakubisha hodi. Mama yake alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele ya dirisha, mikono yote miwili juu, anatungua pazia. Fimbo ilikuwa imelazwa kitandani.

Walitazamana. Mama akashuka kigodani bila kushika popote.

"Umepona tangu lini?"

"Zamani," alisema mama. "Nikipona unaondoka, mwanangu. Ningefanyaje?"

Kwa kaka hasira ilikuwa na pa kushika. Hapa ilipapasa ikakosa. Na bado alimkasirikia mama kuliko wote, kwa kuwa mama peke yake alimtaka yeye mwenyewe, si kazi yake, na hata hivyo akamdanganya.

"Ungeniambia unanitaka, mama. Ningekuwa nakuja kila mwaka. Sasa umenifanya niogope kuja."

Mama aliketi kitandani, akaanza kulikunja pazia mapajani. Bi Sponji akatoka, akaenda nyuma ya nyumba, akampigia mumewe.

"Niliambiwa umechagua kwenu," mume alisema. "Kaka yako ni mkubwa wangu. Ningembishia vipi?"

"Kwani ulimuoa kaka yangu? Mke ni mimi! Ungeniuliza mimi!"

"Niliogopa utasema ndiyo."

Bi Sponji aliibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya mumewe alilisikia gari la taka likirudi kinyumenyume mtaani kwao, na dereva akimfokea mtu kwa ile lugha yao. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ghadhabu.

"Kesho naondoka. Na bado nimekukasirikia, ujue."

"Najua. Nitakuja kukupokea. Nitasafisha nyumba, nitawaita na majirani, tukukaribishe vizuri..."

"Usinikaribishe," alimkata. "Mtu hakaribishwi kwake."