Gari la rimoti, shokapu za mawese na asubuhi ya kupokea wakwe Ntobeye

Wakuu, nawasalimu kutoka Ngara, huku ambako mwezi wa saba ukifungua mdomo asubuhi unatoka moshi kama umevuta sigara.

Ninachoandika siyo chai. Kimetokea nyumbani kwetu Ntobeye na wahusika wote wapo hai. Mhusika mkuu nimemsomea kabla ya kupandisha uzi. Amecheka, halafu akaniambia niondoe sehemu moja. Nimekataa.

Twende kazi.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda changu Ngara mjini. Kaka yangu mkubwa, hapa nitamwita Deo, alikuwa dereva wa malori ya kuvuka mpaka wa Rusumo. Lori lilimgomea breki kwenye mteremko. Akatoka hai tunamshukuru Mungu, lakini miguu yote miwili haina kazi tena.

Tangu aliporudi kutoka hospitali akawa mtu wa chumbani. Kiti cha magurudumu alipata, akakifanya cha kuwekea nguo.

Kwetu mtu akiumia, watu wanakuja kumsalimia. Huyu analeta ndizi, yule maharage, wanakaa, wanatikisa vichwa, wanasema pole ndiyo maisha. Wana nia njema kabisa. Deo akachoka. Akawa anamtuma shemeji, mke wake, aseme amelala. Sasa mtu gani analala kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua linazama? Watu wakaelewa, wakapunguza kuja. Naye akaanza kulalamika kwamba wamemsahau.

Wakuu, kuuguza ni kazi. Anayebisha hajauguza.

Sasa gari.

Tuna binamu yetu aliyekulia kambi ya wakimbizi, baadaye familia yao ikapelekwa Canada. Alipokuja kutembea aliwaachia watoto wa nyumbani gari la rimoti. Usifikirie vile vigari vya gulioni. Hili ni la kukimbia juu ya mawe. Lina fremu kama kizimba, matairi makubwa yenye meno, shokapu nne ndefu, na tairi zote zinavuta.

Watoto wakalifundisha adabu. Haikuchukua muda mota ikawa inalia na gari halisogei.

Siku hiyo nilikuwepo. Deo akapaza sauti kutoka chumbani kwamba hiyo ni difu, gia zimeisha meno, leteni hapa. Shemeji akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumsikia anaomba kitu kisicho chakula wala dawa.

Alilifungua lote juu ya sinia. Kweli, gia za plastiki zilikuwa zimelika zote.

Spea za kampuni yenyewe kupatikana ni shughuli, na bado ni plastiki ileile. Lakini wapo watengenezaji wengine wanaotoa spea za chuma za magari hayahaya, na wenye mchezo wao wanazipenda kuliko jenuini. Nikaagiza mtandaoni. Zikaja mpaka Mwanza, kutoka hapo zikapanda basi.

Tukaweka gia za chuma kwenye difu. Gari likatembea. Deo akasema mota ni dhaifu, tukaweka yenye nguvu. Mota mpya ikakata propela, vile vijiti vya kupeleka nguvu kwenye tairi. Tukaweka propela za chuma, tatizo likahamia kwenye ekseli. Akaniambia hata lori liko hivyo, ukiimarisha mahali pamoja ugonjwa unahamia kwa jirani. Na kila kitu kilipovunjika alifurahi, maana alipata cha kufungua kesho yake.

Shemeji akawa ananipigia kulalamika kwamba nati zimejaa hadi kwenye sahani za chakula. Nilimwambia avumilie. Akaniambia havumilii, anashukuru, ila ananiarifu.

Kidogo kidogo nguo zikatolewa kwenye kile kiti. Akaanza kukaa mlangoni, rimoti mkononi, gari linaruka mawe ya uani. Akisikia mgeni njiani, anarudi ndani.

Hapo ndipo suala la Adela likaja.

Adela ni binti yake wa kwanza. Kijana wa Nyamigogo, Biharamulo, akatuma mshenga, mambo yakaeleweka kwa simu, siku ya wazee wao kuja ikapangwa. Kwa asiyejua taratibu za kwetu, wageni huja na pombe ya ndizi, na baba wa binti ndiye anayeonja kwanza. Asipoonja, hakuna mazungumzo. Akionja, hata miaka ishirini baadaye watu watasema fulani ndiye aliyemtoa yule binti.

Deo akaniita, akaniambia nitaonja mimi.

Nilikasirika, sifichi. Nilimuuliza amekufa lini na sisi hatukuambiwa. Mtu yupo hai, yupo nyuma ya pazia anasikia, halafu mimi mdogo wake nimkalie kwenye kiti chake? Adela mwenyewe alikuwa jikoni, alisikia. Alitoka nje akaenda kukaa migombani na shemeji akamfuata.

Deo akasema, "Sitaki wakwe waanze kunijua kwa kunihurumia."



Baadaye akatoa sharti, nafikiri ili nimwache tu. Pembeni ya uwanja wetu lipo jiwe kubwa, limeegemea upande wa mteremko wa kwenda barabarani. Akasema gari likipanda jiwe lile mpaka juu, na yeye atakaa na wageni. Lisipopanda, nitaonja mimi na nisimsumbue tena.

Wakuu, nikageuka mwanamichezo. Niliagiza shokapu mpya za chuma, ndefu kuliko za mwanzo. Zikafika siku moja kabla ya wageni. Tukafungua boksi tukakuta ni kavu, mafuta yake yanauzwa peke yake. Sikuliona hilo wakati naagiza.

Ngara utayapata wapi mafuta ya shokapu za gari la rimoti? Ya cherehani tulijaribu, mepesi mno, gari likawa linadunda. Ya injini tulikuwa hatuna. Shemeji alikuwa na dumu la mawese kwa ajili ya mapishi ya kesho. Deo akachovya kidole, akasugua, akasema uzito ni wenyewe.

Tukajaza mawese.

Msicheke kwanza. Ilikuwa mchana na jua linawaka. Gari likalala kwenye mawe vizuri ajabu, kila tairi linatafuta pa kushika. Likapanda jiwe mpaka zaidi ya nusu, betri ikaisha. Tukakubaliana tumalizie asubuhi kabla ya wageni. Nililala nikijua nimeshinda.

Asubuhi ukungu umejaa mpaka kwenye migomba. Kila mtu hapa anajua mawese yakipata baridi yanaganda, mama zetu huyaweka karibu na moto ndipo wayamimine. Tunajua tangu utoto. Na bado wanaume wawili wazima tulilala tumeyaacha ndani ya shokapu nje kibarazani.

Deo alikuwa ameshavaa shati jeupe la Jumapili, nadhani na yeye aliamini litapanda. Akaliendesha gari kuelekea kwenye jiwe. Shokapu zimekaza kama zimechomelewa. Liligonga jiwe, likaruka, likabinuka, likaviringika mteremko mzima na kupotelea kwenye majani karibu na njia.

Deo akaweka rimoti kwenye mapaja. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa niende parokiani kuchukua viti, wageni wasije wakasimama.

Nilikwenda. Njia nzima sikuwa na raha. Nilikuwa nawaza nitaanzaje kushika ile pombe mbele ya Adela.

Narudi na viti kichwani, nakuta kiti cha magurudumu kipo juu ya mteremko, kitupu.

Nikachungulia chini.

Deo alikuwa ameketi kwenye majani pembeni ya njia, amelipakata gari. Alishuka kwa makalio, anajivuta kwa mikono. Shati jeupe lote tope. Baadaye aliniambia aliona akiita mtu ataletewa gari pamoja na pole, na asubuhi ile hakutaka kupokea vyote viwili.

Na wageni walikuwa wamewahi. Walishashuka kwenye gari barabarani, wanapanda na njia ileile, mshenga mbele, wazee wawili, kijana mwenyewe amebeba pombe. Wamemfikia.

Nilitaka kukimbia kushuka. Nikaona nikifika pale nitaanza kueleza mimi, na yeye atakuwa tena mgonjwa wa kuelezewa.

Mshenga akasalimia vizuri, kisha akasema, "Tunatafuta nyumba ya mzee Deo. Tumesikia anaumwa sana, tutapokewa na mdogo wake."

Deo aliniangalia kule juu. Mimi nikashusha viti chini nikatulia.

Akajifuta tope mkono wa kulia, akaunyoosha. "Mdogo wangu ni yule mwenye viti, atawapokea mizigo," akasema. "Baba yake Adela ni mimi. Karibuni."

Yule kijana akainama kabisa mpaka chini. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

Mzee mmoja akauliza hicho alichopakata ni nini. Deo akamweleza hadi mawese. Mzee yule alicheka akakaa hapohapo kwenye majani, akasema na yeye aliwahi kuharibu pampu ya maji kwa akili za namna hiyo. Hakuna aliyesema pole.

Nilishuka nikambeba kaka yangu mgongoni. Kijana alitaka kusaidia, mshenga akamzuia, kwamba hajapewa binti, asianze kubeba baba mkwe. Tukacheka wote. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Hiyo ndiyo sehemu niliyoambiwa niondoe.

Shemeji alitaka kumbadilisha shati. Akakataa, akasema wameshaliona. Adela akaitwa, akapiga magoti na kumpa baba yake mrija. Deo akaonja. Akauachia mrija taratibu, akamshika binti yake kichwani, akasema mazungumzo yaanze.

Nilichojifunza mimi ni kwamba tulimfanyia kaka kila kitu isipokuwa kumwachia nafasi yake. Tulidhani kumhudumia kunatosha, na mimi siku ile nilikaribia kuharibu kwa kukimbia kumsaidia.

Wenye mgonjwa nyumbani aliyejifungia ndani, mlifanyaje akatoka? Semeni bila kuona aibu, Deo atasoma maoni yote. Amesema atakayejibu kwa heshima ajibiwe na yeye mwenyewe, mimi nikae pembeni.