Kitufe Kisichojua Salamu

Mwanangu aliponiletea kitufe cha dharura alinifunga mwenyewe mkononi, kama anayemfunga mbuzi asiyeaminika. Kidude chenyewe ni kama saa isiyo na mishale. Ukikibonyeza, simu yake inalia huko Diani, kwenye hoteli anakofanya kazi, naye anazungumza nawe kutoka hapo hapo mkononi. Akasema hakiogopi maji, nikae nacho hata baharini kwenye shamba langu la mwani. Nikasema sikitaki. Akasema basi nifungashe nguo nihamie kwake Ukunda.

Kwake ni ghorofa ya tatu. Nimelala kule, nakujua. Watu wanapishana ngazini kimya kama wamegombana, na ukimwamkia mtu anageuka nyuma kutazama unasema na nani. Mimi nimezaliwa Kibuyuni, mwani wangu uko Kibuyuni, na sina haja ya kuzeekea mahali pasipo na uani. Nikakivaa kitufe.

Mwanzoni kilinitia aibu. Kilijibonyeza nikikuna nazi, kilijibonyeza nikibeba gunia. Siku moja kilijibonyeza msibani nikimkumbatia mfiwa, sauti ya mwanangu ikatokea mgongoni mwake: "Shikamoo mama, kuna nini?" Mfiwa aliacha kulia. Mwanangu hakukasirika hata mara moja, na kila mara alianza na shikamoo. Hivyo ndivyo nilivyomlea.

Asubuhi moja nilikuwa uani nageuza mwani juu ya chanja, nikakanyaga fungu bichi lililodondoka kwenye saruji. Nilianguka chali, na kifundo cha mguu nikakisikia kikilia. Nilijaribu kuinuka, nikashindwa. Maumivu nayajua, nimezaa. Kilichoniogopesha ni ile ghorofa. Nikashindwa hapa, nimeshahamishwa. Nikabonyeza.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe je?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Kimejibonyeza tena, eh? Poa basi mama, niko na wageni."

Akakata. Nikabaki nimelala chali, mguu ukivimba, na mimi sijambo. Nilijisema maneno ambayo sitayaandika, kisha nikacheka mpaka kuku wakasogea kunitazama. Lakini ningejibuje? Mtu akikuuliza hali unasema sijambo, maradhi yanakuja baadaye. Nani anaanza salamu na mguu?

Nikabonyeza tena.

"Shikamoo mama."

"Nimeanguka."



"Hujaitikia shikamoo," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usiinuke, mama. Nakuja."

Kabla ya kuwasha gari alimpigia jirani yangu. Huyo naye ni mwanamke wa adabu zake. Alikuja mbio, nilizisikia ndala zake, kisha akafika mlangoni akasimama na kupiga hodi. Akangoja. Akapiga tena.

"Karibu," nikamwambia kutoka chini. "Pita uani, na tafadhali usiniulize hali."

Alinikalisha, akanitilia mto chini ya mguu, akakaa nami mpaka mwanangu akafika. Hospitalini Msambweni walinifunga plasta, wakaniambia nipumzike. Mwanangu alisema na madaktari, akachukua dawa, akanibeba mpaka garini. Muda wote huo nilikuwa nangoja atamke Ukunda. Hakulitamka, na hilo likanitia hofu zaidi, maana mtu aliyekwisha kuamua hana haja ya kusema.

Tukafika barabara kuu. Kaskazini ni kwake, kusini ni kwangu. Akakata kona kusini.

Nikalia, sifichi.

"Mguu unauma?" akauliza.

"Sijambo," nikasema, naye akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kisha akaniambia kwamba katika maisha yake yote sijawahi kuiacha shikamoo yake bila jibu, hata siku alipovunja mtungi wa bibi yake. Ndiyo maana aliwaacha wageni wake wamesimama kule hotelini.

Sasa natembea vizuri, na chanja ziko palepale. Kitufe bado kinajibonyeza kikitaka. Mwanangu hasemi tena kuna nini. Anasema shikamoo tu, halafu anangoja. Hata kama mikono imejaa tui la nazi, simcheleweshi.

"Marahaba," namwambia, na namsikia akishusha pumzi.