Nililipa ushuru forodhani Bagamoyo siku serikali inabadilishwa, na aliyeupokea ndiye anayeninyima usingizi

Wakuu, salaam kwenu wote wa pwani.

Sina sababu ya kuwadanganya. Uongo ungenipa faida, na mimi nimeambulia patupu.

Mimi ni mchimba sandarusi, ule utomvu mkavu unaofukuliwa ardhini. Miezi mitatu nilikuwa porini nyuma ya Vigwaza, nikajaza makanda manne ya ukindu. Hayo ndiyo yalikuwa mahari yangu. Baba wa binti alishasema, mwezi ukiandama hujaleta kitu, anamwoza mwingine.

Nafika Bagamoyo, mji mzima tetesi. Sayyid wa Unguja kawakodisha Wazungu pwani, wakubwa wa forodha wanaondolewa wote. Kila baraza na mchambuzi wake. Huyu anasema ushuru utapanda, yule anasema utashuka ili watu wawapende wageni.

Mimi nikajiona mjanja. Nikalipe leo leo kwa kiwango cha zamani, wageni wakija wakute nimeshamaliza.

Nikaenda forodhani jua la utosini. Pamekaa kimya. Hakuna mpagazi wala askari, ila Mzee Makame, mtoza ushuru wetu wa miaka yote, amekaa kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Lakini lete."

Akatoa fungu la serikali. Akachovya kiganja kwenye chokaa, akagonga kila kanda, kama desturi. Ukishagongewa mkono wa Makame hakuna wa kukusumbua. Nikaona baridi mabegani, nikasema labda homa ya porini.

Natoka nje, nakutana na kundi la watu wana udongo mikononi.

"Tumetoka kumzika Makame," wakaniambia. "Amefariki alfajiri."

Nikacheka. Hakuna aliyecheka na mimi.

Wakuu, niliogopa, sifichi. Lakini kesho yake niliogopa zaidi, maana karani wa serikali mpya, kijana wa Unguja, aliona ile alama, akaniuliza niligongewa lini.

"Mtu amekufa jana alfajiri, wewe umegongewa adhuhuri? Umeghushi. Mzigo unachukuliwa na viboko ishirini na tano juu. Labda mtu wa nyumbani kwake aje autambue mkono."

Nyumbani kwa Makame kulikuwa na mtu mmoja tu, mkewe Bi Mgeni, naye ndiyo kwanza ameingia eda. Hatoki, na sisi wanaume hatuwezi kumwona.

Karani akakubali twende mlangoni. Tukaweka kanda kizingitini. Bi Mgeni akapitisha mkono chini ya pazia, akaipapasa alama polepole, kidole kwa kidole.

"Ni mkono wake," akasema.

Kisha tukamsikia analia.

"Chokaa hii mbichi. Masikini mume wangu. Kumbe hamjamwambia."

Karani jasho likamtoka. Akanigeukia: "Wewe ndiye uliyehudumiwa naye. Nenda kamwambie, mzigo nakuachia."

Nikaenda forodhani. Saa ile ile ya jua kali. Makame yupo mkekani. Kumwambia amekufa nilishindwa, wakuu. Ungeweza wewe?

"Mzee, serikali imebadilika. Kazi yako imekwisha."

Akakung'uta chokaa kiganjani.

"Nani ameshika nafasi yangu?"

"Kijana wa Unguja."

"Basi mwambie aje nimkabidhi. Siwezi kuacha mali ya watu bila makabidhiano."

Akaketi vizuri, akangoja.

Karani hakwenda. Mpaka leo meza yake iko nje, juani, na mlango wa forodha umepigwa misumari. Kiwango kipya hakijatangazwa, maana vitabu viko ndani.

Mzigo niliachiwa kweli. Lakini hakuna mnunuzi Bagamoyo nzima aliyekubali kuugusa. Mwezi ukaandama, na binti ameolewa Dunda. Nimeumia sana, nisiwafiche.

Nilichojifunza: serikali ikipanguliwa, usihangaike kwanza na kiwango kimepanda au kimeshuka. Mjue kwanza anayekupokea.

Wadau wa Saadani na Winde, leteni maoni. Huko kwenu nani anapokea ushuru siku hizi?

Na kuna mtu amewahi kumwona akila?