Mfuko wa Mchanga Kati Yangu na Mama Mkwe

Gari lile lilikuwa na viti viwili tu, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Lilikuwa gari dogo la spoti, jekundu, nililoachiwa na daktari wa mifugo Mzungu aliporudi kwao. Mimi nilikuwa karani katika ofisi yake pale Isiolo, kijana kutoka milima ya Meru mwenye majivuno kupita kiasi. Injini ilikuwa nyuma. Mbele, mahali ambapo magari ya wenzangu yalikuwa na injini, palikuwa na buti, na ndani ya buti kulikuwa na mfuko wa mchanga ulioshonwa mdomo kwa kamba ya katani.

Siku ya kunikabidhi funguo aliniambia nisiutoe mfuko ule, maana bila uzito mbele, gari likishika mbio linakuwa jepesi na usukani haushiki kitu. Akaniambia pia kwamba nikiwa ndani ya kona nisiachie mafuta ghafla, kwa sababu mkia utataka kupita mbele. Nikaitikia ndiyo bwana, na wiki ileile nikautoa mfuko ili nijionee. Kwenye barabara iliyonyooka ya uwanja wa ndege nilifika mwendo wa maili sitini kwa saa, nikazungusha usukani kumkwepa ng'ombe, gari likaenda moja kwa moja kana kwamba sijaligusa. Ng'ombe alihama mwenyewe. Nilirudisha mfuko na sikumwambia mtu.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, na barabara zetu zilikuwa na saa zake. Malori yalitoka asubuhi kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Beria ya Isiolo, kizuizi cha askari barabarani, ilifungwa saa kumi na mbili jioni, na aliyekutwa nje baada ya hapo hakuulizwa maswali mengi. Watu walizungumzia mabomu ya kutegwa njiani kwa sauti ya kawaida, kama wanaozungumzia mvua. Niliogopa kila siku, nikajifanya siogopi kwa sababu nilikuwa na gari jekundu.

Mke wangu alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza siku ya Jumatano. Alhamisi mchana mtoto alikuwa bado hajatoka, na daktari wa hospitali ya Isiolo akasema atapasuliwa kesho yake alfajiri, kabla beria haijafunguliwa. Mke wangu hakuwa mtu wa kulialia. Siku hiyo alinishika shati asiniachie.

"Niletee mama," aliniambia. "Kama nitakufa kwenye meza yao, nisife bila kumwona."

Nilipata kibali cha kusafiri, nikapanda milimani peke yangu nikitazama kila kichaka. Nilifika kwa wakwe saa kumi. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo hofu ilikuwa imenisahaulisha.

Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawakaribiani. Ukikutana naye njiani unampisha huku unaangalia majani. Hamketi benchi moja, na neno lenu hupitia kwa mtu wa tatu. Katika miaka miwili ya ndoa sikuwa nimeuona uso wake vizuri. Sasa nilikuwa nimemletea viti viwili vilivyobanana hivi kwamba bega la dereva hugusa la mwenzake, na huyo mtu wa tatu hakuwa na pa kukaa. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikapu chake, asisogee. Baba mkwe alikohoa, akatazama gari, akakohoa tena.

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Niliutoa mfuko wa mchanga kwenye buti, nikausimamisha katikati ya viti, nyuma ya gia, ukawa ukuta. Baba mkwe akanisifu kwamba nimelelewa vizuri. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijiambia nitaenda polepole. Lakini maombi yalikuwa marefu, kisha ikasahaulika chupa ya uji, kisha majirani wakataka kumshika mama mkono, na tulipoondoka saa kumi na moja ilikuwa imekaribia.

Polepole ikafa hapohapo. Tulishuka kutoka kwenye mashamba hadi kwenye tambarare ya migunga na mawe, mama amejifunika kichwa kizima kwa leso. Anayeijua barabara ya murram, ya changarawe isiyo na lami, anajua mawimbi yake: ukienda taratibu yanakutoa meno, ukikaza mwendo gari linapita juu juu na kutulia. Utulivu huo ni wa uongo, kwa sababu tairi zinagusa ardhi kidogo tu. Nilikaza. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu, na pua ya gari ikaanza kutafuta njia yake yenyewe, mara kushoto, mara kulia. Niliogopa usukani, nikaogopa saa, nikaogopa kila mahali udongo ulipoonekana umechimbuliwa.

Ndipo mama aliposema. Hakusema nami, alisema na mfuko.

"Wewe mfuko," alisema kwa Kimeru, sauti ya chini, "mwambie huyo jirani yako tunakwenda mbio mno."

Ningemjibu vipi, na mfuko hauna mdomo? Nikatazama saa, nikaongeza mafuta. Mbele yetu barabara ilipinda kushoto ikishuka kuelekea korongo kavu. Tulikuwa tumeshaingia ndani ya kona aliposema tena.

"Mfuko, mwambie apunguze. Mimi nina binti mmoja tu."

Mguu wangu ulitii kabla ya akili. Mkwe akiambiwa na mama mkwe apunguze, anapunguza. Niliachia mafuta, na mkia ukatoka. Niliona migunga ikipita mbele ya kioo, kisha vumbi, kisha migunga tena. Niliomba kwa sauti bila kujua ninachosema. Tuliposimama, injini ilikuwa imezimika na tulikuwa tunatazama tulikotoka, gurudumu moja likiwa ukingoni mwa korongo.

Kimya kilikuwa kibaya kuliko kelele. Kila kichaka kilionekana kina mtu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsemesha.

"Mama, nimekosa. Mfuko huu ndio unaoshika gari mbele, na ndani ya kona sipaswi kupunguza ghafla. Mfuko ukikaa hapa, nitatuua."

Alifunua leso. Alikuwa na macho ya mke wangu, na aliyakaza kwangu.

"Kwa nini hukusema nyumbani?"

"Niliona aibu."

"Binti yangu yuko kitandani anangoja kupasuliwa," alisema, "na wewe unaona aibu."

Akashuka, akashika pembe moja ya mfuko. Tuliubeba pamoja mpaka mbele na kuulaza kwenye buti. Aliketi tena, akajifunga leso kiunoni.

"Sasa endesha," alisema. "Na nikikuambia upunguze, usinisikie."

Nisidanganye kwamba hofu iliisha. Usukani ulishika sasa, lakini saa ilikuwa haishikiki. Katika kila kona niliuacha mguu kwenye mafuta huku mwili wote ukiniambia niuondoe. Bega lake liligusa langu, likagusa tena, na hakuna aliyeomba radhi. Mara mbili alisema nipunguze. Sikumsikia.

Tulifika beria askari akiwa ameshashika kamba ya kushushia mti. Mwenzake alituelekezea bunduki. Nilisimamisha gari, nikatoa mikono yote miwili nje.

"Huyo mama ni nani yako?" aliuliza.

"Mama ya bibi yangu. Bibi iko hospitali, anapasuliwa kesho."

Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama mabega yetu. Nadhani kwao pia mambo ni kama kwetu, maana aligeuza uso pembeni kwa heshima. Mti ukabaki juu, tukapita.

Mama alikaa ameshika mkono wa binti yake mpaka walipompeleka kwenye meza. Mke wangu aliamka hai, na mtoto wa kike akiwa kando yake.

Mwezi uliofuata nilipeleka mbuzi kwa wakwe, kama anavyopaswa kufanya mtu aliyevunja heshima. Nilisimama uani na baba mkwe nikaeleza kosa langu: nimeketi bega kwa bega na mama, tena nimemsemesha usoni. Alisikiliza, akanyoosha mkono kupokea kamba. Sauti ya mama ikatoka ndani ya nyumba.

"Mwambie arudi na mbuzi wake. Huyo mkwe sijawahi kusema naye hata siku moja. Mimi nilisema na mfuko."

Nilitazama chini kama inavyopasa, machozi yakinidondoka kwenye viatu. Hatukusemezana tena mpaka siku tulipomzika.